Safu Niliyoifuta kwenye Daftari la Zamu

Siku mliyoniaga mlinipa jiko la gesi la plati mbili na doti mbili za khanga. Mzee Ruhaga, aliyenifundisha kazi hii, alipostaafu alipewa kompyuta mpakato. Sisemi neno. Jiko linawaka vizuri, na khanga nimempa mkwe wangu. Ila mkuu wa kituo kwenye hotuba yake alisema Bi Zaituni amefanya kazi miaka yote hii bila doa, nanyi mkapiga makofi, nami nikasimama nikashukuru. Makofi yale yananikereketa hadi leo. Mmeniomba niwaandikie mambo ya kazini ili vijana wajifunze. Haya, naandika, na hilo doa nitalifikia.

Nilipoanza kazi pale Rusimbi kituo kilikuwa vyumba viwili na seva moja. Kazi mnaijua, lakini nitaisema kwa ajili ya atakayekuja kesho. Tulikuwa na milingoti ya kupimia upepo kando ya Ziwa Tanganyika, wa mwisho ukiwa Ilagala, karibu na Mto Malagarasi unapoingia ziwani. Vipimo vilikuja kwenye seva, na ndani ya seva kulikuwa na programu moja tuliyoiita Mlinzi. Kazi yake ilikuwa kulala, kuamka kila dakika kumi, kusoma vipimo, kisha kulala tena. Upepo ukizidi kiwango, anawatumia wavuvi wa mialo yote, kule mitumbwi inakotia nanga, ujumbe wasitoke. Mwanzoni tahadhari ilikwenda kwa redio ya mawasiliano, simu zilipoenea ikawa meseji.

Siku ya kwanza mkuu wa wakati ule alinipeleka moja kwa moja kwenye mashine ya chapa. Nilimwambia nimekuja kwa ajili ya kompyuta. Akacheka, akasema hata kompyuta inachapa. Mzee Ruhaga, Muha wa Kasulu, mrefu, mtu wa maneno machache, alitoka chumba cha pili na kiti mkononi. "Keti hapa, binti," akasema. "Usiguse kitu. Angalia."

Niliangalia wiki nzima. Kwenye skrini nyeusi alikuwa amefungua amri ya top, ambayo huorodhesha kila kinachoendelea ndani ya mashine: namba yake, mwenye nacho, kinavyokula kumbukumbu, kinavyoitumikisha kompyuta. Orodha inajipanga upya kila baada ya sekunde chache. Siku ya tatu nilimuuliza natafuta nini. Akanijibu, "Hutafuti kitu. Unajifunza mashine nzima ikoje. Usipomjua mzima, mgonjwa utamjuaje?" Wiki ya pili alinifundisha uptime, inayokuambia mashine imeelemewa kiasi gani, na ps, inayopiga picha moja ya michakato yote na kukuachia uisome kwa nafasi.

Humo kwenye ps kuna safu ndogo ya herufi moja. Vijana wengi wanaipita. Mzee Ruhaga alinikaririsha hadi nikaimba. R anakimbia. S amelala, ila ukimwita anaamka. D ameingia chooni, usimgongee mlango, hata ukimtumia amri kali kuliko zote hatoki mpaka amalize. Z amekufa lakini mzazi wake hajapokea taarifa, kwa hiyo jina lake bado limo kwenye orodha. T amesimamishwa. "Huyu wa T ndiye wa kuogopa," alisema. "Jina analo, namba anayo, amesimama palepale, na hafanyi lolote. Ukimtazama kwa haraka utasema yupo."

Akanifundisha pia kwamba kill, pamoja na jina lake baya, ni amri ya kutuma salamu. Zipo salamu za kumwambia mchakato afunge kazi taratibu, ipo ya kumkata shingo, ipo STOP ya kumsimamisha alipo, na CONT ya kumwambia endelea. Sheria yake ilikuwa moja: hakuna anayeandika kill kabla hajaandika kwenye daftari. Lilikuwa daftari kubwa la jalada gumu, na alilipiga mistari mwenyewe kwa rula: tarehe, saa, namba, jina, hali, sahihi. Kila asubuhi mwenye zamu alimkagua Mlinzi na kuandika. Mimi niliona ni ukarani. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu na nilidhani akili ni kwenda haraka.

Sasa niwaeleze jambo la mbalamwezi, maana wageni kutoka Dar hawalielewi na ndipo mambo yote yalipoharibikia. Dagaa wetu wanavuliwa kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu, taa hazina kazi, kwa hiyo vipe, mitumbwi ya dagaa, vinapandishwa mchangani siku kadhaa, watu wanashona nyavu na kugombana na wake zao. Siku hizo ndizo tulizozitumia kupanda milingoti. Fundi anapanda, anavizungusha kwa mkono vile vikombe vinavyoshika upepo, anatia grisi. Mwaka wangu wa kwanza fundi alizungusha kwa nguvu zake zote, Mlinzi akadhani ni tufani, akatuma tahadhari mialo yote na jua linawaka. Wavuvi walitutania hadi sokoni. Walikuita kabla hujafika, "Bi Upepo wa Mkono, hujambo?"

Tangu hapo, kila mbalamwezi tulimsimamisha Mlinzi. Hatukumzima, kwa sababu akizimwa na kuwashwa upya alichukua nusu siku kuzipata tena simu za milingoti yote. Tulimtumia STOP, fundi akafanya kazi yake, tukafuta foleni ya vipimo, ambayo ilibeba vya saa sita tu, kisha tukamtumia CONT. Vyote viliandikwa: S, halafu T, halafu S. Miaka yote ya Mzee Ruhaga hakuna aliyekosea.

Kesi ngumu zilikuwapo, nazo nilizipenda kuliko nilivyowapenda baadhi ya watu. Ipo siku michakato ilijaa Z orodha nzima, na mhandisi mgeni akahangaika kuwaua mmoja mmoja. Nilimwambia aliyekufa hauawi, mtafute mzazi. Akanitazama kana kwamba kiti kimesema. Baadaye nilisikia kwamba kwenye ripoti yake alijiandika yeye ndiye aliyegundua. Ipo mara diski ilikuwa inakufa na kila kitu kimekwama D, nikaijua kwa kusikiliza mlio wake kabla skrini haijasema. Neno la siri la msimamizi mkuu wa seva nilipewa baada ya miaka kumi na moja. Wanaume wawili waliokuja nyuma yangu walikuwa nalo tayari, na mmoja wao alikuwa ameliandika kwenye karatasi juu ya friji. Mkuu alisema si suala la kutoniamini, ila wanawake wana mambo mengi, wanasahau. Lishikeni neno hilo.

Mzee Ruhaga akastaafu, akarudi Kasulu, akafariki. Daftari lake likajaa. La pili nililipiga mistari mimi, na nilipofika kwenye hali nikaacha. Niliwaza hivi: nimeangalia kurasa za miaka na miaka na safu ile ni S, S, S kuanzia juu hadi chini, ukitoa siku za mbalamwezi. Ya nini kupoteza wino? Nikaweka safu moja: yupo au hayupo. Nilijiona nimefanya mageuzi.

Kwa daftari hilo nilimfundisha Nestori. Wengi wenu hamkumkuta. Alizaliwa kambini, wazazi wake walitoka Burundi, na karatasi zake za uraia alizibeba kwenye bahasha ya plastiki kila aendako kwa sababu alikuwa akiulizwa. Alikuwa na mkono mwepesi na macho makini, na kila kitu nilichomwambia alikifanya jinsi nilivyokisema, bila kupunguza wala kuongeza. "Angalia jina la Mlinzi," nilimwambia. "Ukiliona, andika yupo, tia sahihi."

"Ego, mama," akaitikia kwa Kirundi. "Na zile herufi?"

"Hizo ni za kesi ngumu. Kila siku huzihitaji."

Ndivyo nilivyosema. Siwezi kusema sikumbuki.

Mbalamwezi moja, Nestori akiwa likizo, fundi alinipigia kutoka Ilagala kwamba yuko chini ya mlingoti. Nilimsimamisha Mlinzi. Daftarini sikuandika, kwa sababu siku hizo nilikuwa na desturi ya kuandika kusimamisha na kuamsha kwa pamoja, kazi ikiisha. Fundi akapanda. Kabla hajashuka mkuu akachungulia mlangoni. Tulikuwa na wageni kutoka makao makuu waliokuja kutuonyesha skrini kubwa ya ukutani yenye taa za kijani.

"Bi Zaituni," akasema, "hebu tusaidie chai. Yule dada wa jikoni hajaja."

Chumbani tulikuwa watu wanne, na anayeijua seva nilikuwa mimi peke yangu. Niliinuka nikaenda kuchemsha chai. Nilikata mikate, nikapanga vikombe, nikauliza nani anakunywa bila sukari. Wageni walipomaliza nikaosha vyombo kwa hasira, nikachukua mkoba wangu, nikaenda nyumbani Ujiji. Mlinzi nilimwacha na T yake.

Kesho yake nilikagua kwa haraka, nikaona jina, nikaandika yupo. Skrini kubwa nayo ilikuwa ya kijani, maana ilihesabu majina kama sisi. Nestori akarudi, akashika zamu za asubuhi. Yupo. Yupo. Yupo. Sahihi yake nzuri, herufi zimelala upande mmoja. Mwezi ukapungua, vipe vikashushwa majini. Zamani wavuvi walitazama mawingu ya upande wa Kongo na kunusa hewa, lakini sisi tulikuwa tumewazoesha simu. Simu ikinyamaza, ziwa ni salama. Mlinzi mwenye afya hunyamaza, na aliyesimamishwa hunyamaza vilevile.

Upepo wa kusini ulikuja kabla ya alfajiri. Ilagala vipe viwili vilipinduka. Wengi waliogelea, wawili hawakurudi. Mmoja aliitwa Elisha, mume wa Mama Riziki.

Nilifika kazini asubuhi na mapema, mkuu akiwa ameshanipigia simu nyumbani. Nilifungua ps nikiwa bado nimesimama. Safu ile ndogo ilikuwa na T. Nilijua palepale, kabla hata sijaweka mkoba chini. Vidole vikaandika CONT vyenyewe, na kwa kiwewe sikufuta foleni. Mlinzi akaamka, akasoma vipimo vya saa sita zilizopita, akaona tufani, akafanya kazi yake kwa uaminifu: alituma ujumbe kwa kila mvuvi, msitoke, upepo mkali. Ziwa lilikuwa limetulia. Nilisikia baadaye kwamba meseji ziliingia watu wakiwa mwaloni wanatafuta miili, simu zikilia moja baada ya nyingine. Elisha simu yake aliiacha nyumbani ikichajiwa. Mke wake ndiye aliyeipokea.

Kikao kilikuwa kifupi. Sote tulitumia akaunti moja, kwa hiyo seva haikuweza kusema nani aliandika nini. Kilichosema ni daftari, na kurasa za mwisho zilikuwa za Nestori. Ile siku ya kwanza yenye sahihi yangu hakuna aliyerudi nyuma kuifikia.

"Wewe uliandika yupo," mkuu akamwambia.

"Niliona jina lake, mzee. Kila asubuhi niliona."

"Na hali yake?"

Nestori akanigeukia. Hakunishitaki, alinigeukia tu, kama mwanafunzi anayesubiri mwalimu amalizie sentensi. Mkuu naye akanitazama. "Bi Zaituni, mtu wa zamu anatakiwa kuangalia hali au haangalii?"

Nikasema, "Anatakiwa kuangalia."

Ni kweli anatakiwa. Huo ndio uongo wangu wote, sentensi moja iliyo kweli. Niliwaza kwamba nikisema ni mimi, watasema si tuliwaambia, wanasahau, wana mambo mengi, na hakuna binti atakayeketi tena kwenye kiti kile. Niliwaza hivyo kweli. Niliwaza pia juu ya jina langu, na hilo ndilo lililonifunga mdomo, yale ya mabinti nimeyaongezea baadaye ili nipate kulala. Kwa Nestori maneno yalikuwa tayari yamepikwa. Sikuhitaji hata kukoroga. Kabla ya mchana korido nzima ilikuwa inasema Mrundi amewaua watu wa Ilagala, na mmoja akauliza ni nani aliyempa kazi mkimbizi. Jioni alikusanya vitu vyake. Mlangoni akaniambia, "Asante kwa kunifundisha, mama." Hakuwa na kejeli, na afadhali angekuwa nayo.

Safu ya hali niliirudisha kwenye daftari wiki iliyofuata. Mkuu akanisifu kwamba nimejifunza kutokana na kosa la mwenzangu. Nilifanya kazi miaka sita mingine. Wale mabinti wawili wanaokaa sasa kwenye seva niliwafundisha mimi, na niliwakaripia kuhusu ile herufi hadi mmoja akalia. Sasa mnajua kwa nini.

Baada ya ninyi kuniaga, nilikaa na lile jiko la gesi mwezi mmoja. Kisha nikaenda Ilagala. Nestori ana kibanda karibu na mwalo, anatengeneza taa za sola za vipe. Alinipa stuli, akanifutia vumbi, akaniita mama kama zamani. Nilimwambia yote: STOP, chai, mkoba, daftari, kikao. Alikuwa na taa iliyofunguliwa magotini na hakuiweka chini.

"Kwa hiyo ilikuwa T tangu siku ile ya wageni," akasema.

"Tangu siku ile."

"Miaka yote hii najiuliza kama ni mimi niliyegusa kitu bila kujua. Mkono wangu huu." Akautazama. "Nilijaribu kukumbuka kila nilichoandika. Nikajisadikisha kwamba huenda nilikosea herufi."

Nilitaka kuomba msamaha na nilikuwa nimeyapanga maneno. Akanikatiza, kwa upole uleule.

"Mimi umeniambia, nimesikia. Lakini Mama Riziki anapita hapa kila siku akienda kwenye vichanja vyake vya dagaa. Hajawahi kunisalimia. Watoto wake anawavusha upande wa pili wa njia. Mama, umekuja kwa gari, ukaanzia kwangu kwa sababu kwangu ni rahisi." Akanyoosha bisibisi. "Nyumba yake ni ile yenye mlango wa bluu."

Nilitembea. Zilikuwa hatua zisizofika hamsini na sijawahi kufanya kazi ngumu kuliko hiyo. Mama Riziki alikuja mlangoni, mwanamke mdogo kuliko nilivyomfikiria, mikono ina magamba. Nilimwambia mimi ni nani na nilifanya nini, kwa Kiswahili chepesi, bila kutaja seva wala herufi. Nilisema: mashine iliyotakiwa kumwonya mume wako niliisimamisha mimi, nikaisahau, halafu nikamwacha Nestori abebe. Hakulia. Aliuliza swali moja tu.

"Na ile meseji ya asubuhi? Iliyokuja yeye ameshakufa?"

"Hiyo pia ni mimi."

Nilikuwa tayari kwa kofi, nililitamani hata. Akavuta mlango nyuma yake, akafunga komeo, akanipita kama mtu anavyoupita mti, akashuka kuelekea mwaloni. Mbele ya kile kibanda akasimama. Nikamsikia akimwamkia kwa Kiha.

"Mwakeye, Nestori."

Bisibisi ilianguka kwenye sinia la bati. Kisha nikasikia sauti ya Nestori, nyembamba, ikiitikia. Wakaanza kuulizana habari za nyumbani, moja baada ya nyingine, za miaka yote sita. Nilisubiri pale mlangoni mpaka nikaelewa kwamba hakuna atakayerudi kuniaga.